Presha haiumi: mwongozo wa kifafa cha mimba kwa mjamzito na anayemsindikiza

Usiku ule nilikuwa na mimba ya wiki 33, nimejilaza natazama balbu ya chumbani, na balbu ilikuwa na mkia. Nikadhani umeme unacheza. Asubuhi nilikuwa nimemeza Panadol mbili, jioni mbili nyingine, na kichwa kimegoma kupoa. Mama mkwe, aliyekuja kunisaidia kazi, akasema, "Mwanangu, hiyo ni malaria tu, au uchovu. Na hiyo miguu ni ya mtoto wa kiume." Miguu ilikuwa imevimba wiki nzima. Mikanda ya ndala ilikuwa inaacha mfereji kwenye nyama. Pete ya ndoa nilikuwa nimeitoa kwa sabuni siku mbili nyuma, nikacheka, nikaiweka kwenye kikombe.

Saa nane za usiku tulikuwa hospitalini. Nesi alinifunga mkanda wa presha huku akipiga soga na mwenzake, wanabishana nani anadai zamu ya nani. Akatazama mashine. Akaufungua mkanda, akahamia mkono wa pili. Soga ikakatika. Ilisoma 178 kwa 116.

Mtoto alikuwa wa kike, kwa taarifa ya mama mkwe, na mwaka huu yuko darasa la kwanza. Mimi si daktari wala mkunga. Ni mama niliyepita hapo kisha nikauliza sana, na mwongozo huu nauandika kwa watu wawili: mjamzito mwenyewe na yule atakayemshika mkono, kwa sababu katika ugonjwa huu mgonjwa hufika mahali hawezi kujieleza.

Kwanza, ujue unapambana na nini

Presha ikipanda baada ya wiki 20 za mimba, na mkojo ukaanza kutoa protini, au figo, ini au ubongo vikaanza kulalamika, wataalamu wanaita prieklampsia. Kliniki utasikia "dalili za kifafa cha mimba". Mama akianguka degedege, hapo ndipo kifafa cha mimba chenyewe. Hakihusiani na kile kifafa cha kawaida ambacho mtu huishi nacho tangu utotoni.

Chanzo kinaanzia kwenye kondo la nyuma. Mishipa ya damu inayolilisha haikujipanga vizuri mimba ikiwa bado changa, na baadaye kondo linamwaga kwenye damu ya mama vitu vinavyojeruhi mishipa ya mwili mzima. Kwa hiyo kinachoumaliza ugonjwa ni mtoto na kondo kutoka tumboni. Vidonge vinashusha presha na kununua muda, basi. Kupunguza chumvi hakutibu, na kulala kitandani mwezi mzima pia hakutibu, hata kama jirani aliponea huko.

Hatua ya 1: Ijue namba yako

Hii ndiyo hatua ninayoipigia kelele kuliko zote. Presha haiumi. Unaweza kutembea na 150 kwa 100 sokoni, ukabishana bei ya nyanya, ukarudi na kapu lako. Namba pekee ndiyo itakayokuambia.

Kila hudhurio la kliniki, hakikisha umepimwa presha na mkojo, na vyote viwili vimeandikwa kwenye kadi. Kenya ni kile kijitabu cha mama na mtoto. Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio yasiyopungua 8 katika mimba moja, na mengi kati ya hayo yako miezi ya mwisho, kwa sababu huko ndiko presha inakopenda kujitokeza. Hudhurio langu la wiki ya 30 mashine ya kituo ilikuwa imeharibika. Nesi akaniambia, "Dada, uko vizuri, uso unang'aa." Uso ulikuwa unang'aa kwa sababu umevimba. Ningejua ninachojua leo, ningepanda daladala siku hiyohiyo nikapimwe kwingine. Duka la dawa lenye mashine hutoza pesa kidogo tu.

Muulize nesi: "Presha yangu leo ni ngapi kwa ngapi?" Namba ya juu ikifika 140, au ya chini ikifika 90, usiondoke kabla hujapimwa tena na kuambiwa kinachofuata. Moja ikizidi inatosha, si lazima zote mbili. Ya juu ikifika 160 au ya chini 110, hiyo ni dharura ya saa ileile, hata kama unajisikia mzima kama kigongo.

Na upimwe vizuri. Kaa dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu yote miwili sakafuni, mkono uliotegemezwa usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi na si juu ya sweta. Usiongee wakati mashine inajaza upepo. Mama mwenye mkono mnene aombe mkanda mpana, kwa sababu mkanda mdogo hupandisha namba ya uongo. Mkojo nao, mwaga wa mwanzo, kinga wa katikati.

Hatua ya 2: Jiulize kama uko kwenye kundi lenye hatari zaidi

Mimba ya kwanza. Mapacha. Umewahi kupata tatizo hili mimba iliyopita. Una presha ya siku zote, kisukari au ugonjwa wa figo. Mama yako au dada yako wa damu aliwahi kuupata. Umri mdogo sana, au umevuka 35. Uzito mkubwa. Mimi nilikuwa na moja tu, mimba ya kwanza, kwa hiyo kutokuwemo kwenye orodha ndefu si hirizi.

Ukijiona humo, hasa kwenye yale mazito kama presha ya zamani, figo, kisukari, mapacha au kuwahi kuugua, wahi kliniki mapema na umuulize mtoa huduma kuhusu aspirini ya dozi ndogo. Kwa wanaostahili huanzishwa kabla ya wiki 20, na Shirika la Afya Duniani linataja miligramu 75 kwa siku. Sijasema ukainunue. Nimesema ukaiulizie, na ukichelewa mpaka mwezi wa saba faida yake inakuwa imepita. Ulizia pia vidonge vya kalsiamu kama nyumbani maziwa na dagaa vinaonekana mara moja moja.

Hatua ya 3: Zitambue dalili, na majina ya uongo zinayojificha nyuma yake

Kichwa kinachouma bila kusikia dawa hujificha nyuma ya malaria. Pima malaria, sawa, lakini presha ipimwe siku hiyohiyo. Na usinunue diklofenaki wala ibuprofeni dukani kwa ajili ya kichwa. Kuanzia wiki ya 20 dawa hizo hazifai bila amri ya daktari.

Macho: vimulimuli, nyota, ukungu, kitu kimoja kuwa viwili, au balbu yenye mkia kama yangu. Watu husema "damu imepungua" na kukupa juisi ya rozela.

Maumivu chini ya chembe ya moyo au upande wa kulia chini ya mbavu. Hili ndilo linalodanganya kuliko yote, maana mjamzito gani hana kiungulia? Tofauti niliyoisikia mwilini ni hii: kiungulia kilikuwa kinachoma na kupanda kooni, na nikikaa kitako kinapungua. Maumivu yale yalikuwa yamekaa mahali pamoja, mazito, kama mtu amenipachika ngumi chini ya mbavu akaisahau. Ni ini linalovimba. Ukinywa dawa ya vidonda vya tumbo unapoteza saa.

Kuvimba miguu peke yake ni kwa wajawazito wengi. Kinachotia shaka ni uso na mikono kuvimba ghafla, pete kukataa, uzito kuruka ndani ya siku chache. Ongeza kutapika kunakoanza upya mimba ikiwa kubwa, mkojo kupungua, kuhema kwa shida, na mtoto kupunguza kucheza.

Dalili moja inatosha kwenda. Usingoje zikamilike kama timu.

Hatua ya 4: Jipange kabla ya siku yenyewe

Ukifika wiki ya 28, keti na watu wa nyumbani mkubaliane. Nani ataamka usiku? Gari la nani? Tanzania kuna namba 115, haina malipo, ya mfumo wa m-mama unaotafuta usafiri wa dharura kwa mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga. Pale ambapo gari la wagonjwa liko mbali, wanatuma dereva wa jamii aliyesajiliwa. Iandike kwa kalamu nene ukutani jikoni, si kwenye simu yako tu, kwa sababu simu yako ina namba ya siri na wewe ndiye utakayekuwa umezimia.

Begi liwe na kadi ya kliniki mfuko wa mbele, kadi ya bima kama unayo, doti mbili za khanga, pedi, nguo za mtoto pamoja na kofia na soksi, chupa ya chai, beseni, pesa taslimu kidogo, chaja. Dawa unazotumia zitie humo na boksi zake. Taja watu wawili walio tayari kutoa damu wakiitwa.

Jambo moja zaidi, zito kidogo. Mume akiwa safarini, asikubali kuwa ndiye funguo ya mlango. Aseme mapema, mbele ya mama yake na wifi zako: "Akisema aende hospitali, aende. Msinipigie kuniomba ruhusa, nipigieni kunijulisha." Wangu alisema hivyo, na hiyo ndiyo iliyonitoa nyumbani saa saba na nusu badala ya alfajiri.

Hatua ya 5: Ukifika mapokezi, sema maneno machache

Usianze na "sijisikii vizuri." Usiku mapokezi pana watu kumi wasiojisikia vizuri. Sema, au msindikizaji aseme: "Mimba wiki 33. Kichwa hakisikii dawa tangu jana, anaona vimulimuli. Naomba apimwe presha sasa hivi." Toa kadi ikiwa imefunguliwa ukurasa wa vipimo. Ukiambiwa ukae foleni, rudia sentensi ileile kwa sauti ileile, bila matusi. Niliwahi kumwona mwanamume akigombana na mlinzi robo saa nzima huku mkewe ameshika ukuta. Mlinzi hapimi presha, baba. Ingia ndani.

Hatua ya 6: Degedege likimkuta nyumbani au njiani

Hii aisome msindikizaji, tena mara mbili.

Ondoa vitu vigumu karibu naye, mwekee khanga iliyokunjwa chini ya kichwa. Mgeuze alale ubavu wa kushoto ili mate na matapishi yatoke na asisakamwe, na tumbo lisikandamize mshipa mkubwa wa damu. Usimbane mikono kwa nguvu. Usitie kijiko mdomoni wala kidole, utavunja meno yake au kupoteza kidole chako. Usimpe maji, usimnuseshe kitunguu, usimfukize. Tazama saa ujue limeanza lini. Mwingine apige simu ya usafiri wakati huohuo.

Degedege likikatika atakuwa kama amelala, atakoroma, hatakujua. Mbakize ubavuni, mpeleke hivyohivyo amelala kiti cha nyuma. Bodaboda hapana, hata kama iko mlangoni na gari liko dakika ishirini, maana likirudi hamtaweza kumshika.

Najua kuna nyumba ambazo mtu akitetemeka hivyo neno la kwanza ni "amepandisha." Sibishani na imani ya mtu. Wenye dua wasome ndani ya gari, gari likiwa linakwenda hospitali.

Hatua ya 7: Yatakayofanyika wodini, ili usiyaogope

Watakutoboa mshipa wa dripu, watapima presha mara kwa mara, mkojo, na damu ya kuangalia ini, figo na chembe za kugandisha damu. Watasikiliza moyo wa mtoto. Dawa za kushusha presha ziko kadhaa: nifedipini, labetaloli, hidralazini, methildopa. Hawataishusha mpaka chini kabisa kwa mkupuo, maana mtoto anakula kwa presha hiyohiyo. Namba ikibaki 140 na kitu, msianze kulalamika kuwa dawa haifanyi kazi.

Kisha kuna magneziamu salfeti, dawa kuu ya kuzuia na kuzima degedege. Utafiti mkubwa uliofanyika nchi nyingi na kutangazwa 2002 ulionyesha kuwa inapunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu. Sehemu nyingi wanaanza na gramu 4 kwenye mshipa, polepole, na gramu 5 kila tako. Hakuna aliyeniambia itakuwaje. Mwili wote uliwaka kuanzia kifuani, kama nimefunikwa blanketi lililotoka kwenye pasi, nikajua ndiyo nakufa. Kumbe ni kawaida yake, na joto hupoa. Sindano za matakoni zinauma, nazo utachechemea.

Wakikuwekea mpira wa mkojo, si adhabu. Dawa hii inatoka mwilini kwa mkojo, na figo zikilegea inajilundika. Ndiyo maana wanapima mkojo unaotoka kila saa, wanahesabu pumzi, wanagonga goti kwa nyundo ndogo kuona kama mguu unaruka. Msindikizaji akiona mgonjwa analegea kupita kiasi, anavuta pumzi chache, au mfuko wa mkojo haujaongezeka kwa saa kadhaa, aite nesi mara moja. Dawa ya kuizima ipo, inaitwa kalsiamu glukoneti. Magneziamu huendelea mpaka saa 24 baada ya kujifungua, au baada ya degedege la mwisho, likichelewa zaidi.

Mimba ikiwa chini ya wiki 34, kwa kawaida mama huchomwa deksamethasoni kukomaza mapafu ya mtoto. Nilichomwa nne, kila baada ya saa 12, na zote nilifanikiwa kuzimaliza.

Ikifika wiki 37, kawaida ni kuzalishwa bila kungoja. Kabla ya hapo madaktari wanapima: kila siku tumboni inamsaidia mtoto, na kila siku hiyohiyo inamhatarisha mama. Presha isiposhikika, au degedege likitokea, mama anatulizwa kwanza, kisha mtoto anatolewa hata kama ni mdogo. Kutolewa si lazima kisu. Wengi huanzishiwa uchungu na kuzaa kawaida. Mimi nilikwenda thieta kwa sababu mapigo ya mtoto yalianza kushuka.

Hatua ya 8: Ukipewa rufaa

Hapa ndipo msindikizaji anapofanya kazi kubwa. Kabla gari halijaondoka aulize: "Ameshachomwa dozi ya kwanza ya magneziamu? Saa ngapi, na imeandikwa?" Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uko wazi: pasipokuwa na uwezo wa kuendelea na dawa, mama apewe dozi ya kuanzia kisha ahamishwe haraka. Saa ikiwa haijaandikwa kwenye karatasi ya rufaa, kule mbele watapata shida kujua dozi inayofuata ni lini. Uliza pia kama wamewapigia simu wanakokwenda. Aende na muuguzi garini, alale ubavu wa kushoto.

Beba daftari la shule la kurasa 40. Andika saa, presha, dawa, jina la dawa. Wifi yangu aliandika kila kitu mpaka rangi ya soksi za daktari, na ukurasa ule ndio uliosomwa zamu ilipobadilika.

Hatua ya 9: Baada ya kujifungua bado hujamaliza

Watu wakishaona mtoto wanapumua, supu inachemka, mgonjwa anasahauliwa. Lakini presha hupenda kupanda tena kati ya siku ya 3 na ya 6, na degedege linaweza kuja kwa mara ya kwanza baada ya kuzaa, hasa saa 48 za mwanzo, kwa wengine hata baada ya wiki kadhaa. Dalili ni zilezile za hatua ya 3. Usikubali kuruhusiwa bila kujua presha yako ya mwisho, dawa unazoendelea nazo kwa majina, na tarehe ya kurudi. Pimwa siku ya 3, kati ya siku ya 7 na 14, na wiki ya 6. Usiache vidonge kwa kuwa umejisikia nafuu, maana presha ikiwa juu bado unaweza kufua nguo.

Mtoto njiti ana njia yake. Wangu alikuwa kilo 1.7. Atakaa kifuani mwako ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, amefungwa kwa kitenge, masaa mengi kadiri unavyoweza, na baba anaruhusiwa kupokea zamu. Maziwa ya mwanzo, yale ya njano, yakamue hata kama ni nusu kijiko, ayanywe kwa kikombe kidogo au mrija, si kwa chupa ya chuchu.

Na wewe mwenyewe: miezi mitatu nilikuwa nikisikia mlio wa mashine ya presha naloa jasho. Nilidhani ni ujinga. Nikamwambia nesi wa kliniki ya mtoto, akanikalisha, akaniuliza nalalaje, akanielekeza kwa mshauri. Sema, usimeze.

Mimba ijayo, siku ya kwanza kliniki, kabla hawajauliza, sema: "Mimba iliyopita nilipata dalili za kifafa cha mimba wiki ya 33." Waandike juu ya kadi kwa wino mwekundu, kisha waulize kuhusu ile aspirini. Na hata usipozaa tena, pima presha angalau mara moja kwa mwaka maisha yako yote, kwa kuwa waliougua hivi wana nafasi kubwa zaidi ya kupata presha ya kudumu na magonjwa ya moyo. Mimi hupima kila Januari, siku ya kununua sare za shule, katika duka la dawa lililo mkabala na fundi cherehani. Mwaka huu ilikuwa 124 kwa 80.